Mvua Inyeshapo Nairobi: Safari ya Kuyafuata Maji Kutoka Kangemi

Ndugu zangu wakaao shamba huniuliza mara kwa mara, je, mji wa Nairobi una baridi ya namna gani? Mimi huwajibu kwamba mwezi wa Julai mtu huvaa koti zito asubuhi, na pumzi yake huonekana kama moshi, walakini theluji haianguki hapa. Theluji tuliyo nayo iko mbali, nayo ni ya kutazamwa tu. Asubuhi iliyo safi, kabla mawingu hayajapanda, nikisimama dirishani mwa ofisi yetu ghorofani, naweza kuuona Mlima Kenya upande wa kaskazini, wenye urefu wa mita 5,199, na weupe kidogo kileleni. Mwezi wa Septemba 2008 watu wa karibu na Nyahururu walipata mvua ya mawe nyingi hata mteremko mzima ukawa mweupe, wakaokota barafu kwa mikono yao. Sisi wa Nairobi tulisoma habari hiyo magazetini tukastaajabu.

Lakini kila mji umepewa taabu yake kutoka mawinguni. Miji ya Ulaya na ya Marekani huzibwa njia na theluji. Mji wetu huzibwa njia na maji. Tena maji yana ubaya mmoja ambao theluji haina. Theluji hukaa palepale ilipoanguka mpaka uiondoe, bali maji huondoka kwako yakaenda kumtafuta mwenzio. Neno hilo nilijifunza kwa aibu, nami nimeona vema niwaeleze wasomaji jinsi lilivyotukia, kwa kuwa huenda likamfaa mtu.

Mimi nakaa Kangemi, upande wa magharibi wa mji, mahali ambapo ardhi huteremka kutoka barabara ya Waiyaki Way hata bonde la Mto Nairobi. Nyumba zetu zimefuatana mteremkoni kama ngazi, moja juu ya nyingine. Mbele ya lango langu unapita mtaro wa maji ya mvua, upana wake hatua moja ya mtu mzima. Mwaka 2023 nilinunua pikipiki kuukuu, na kwa kuwa pikipiki haiwezi kuruka mtaro, nikatafuta njia rahisi ya kuivusha. Nikalaza ndani ya mtaro bomba la plastiki la inchi nne, nikajaza mawe na udongo juu yake, nikashindilia. Kazi ile ilichukua Jumamosi moja na gharama yake ilikuwa ndogo. Nilijisifu mbele ya mke wangu, wala sikumwuliza jirani yeyote.

Usiku mmoja wa Aprili 2024 mvua ilianza saa tatu, ikanyesha bila kituo hata majogoo. Kabla ya mapambazuko nikasikia hodi. Alikuwa jirani yangu wa chini, mama mtu mzima auzaye mboga sokoni, anayelea wajukuu wawili. Alikuwa amejifunika gunia kichwani, na leso yake imelowa hata magotini. Hakupiga kelele wala hakunitukana. Alisema tu, "Mwanangu, mtaro wako umelala kwangu."

Nikashika tochi tukatoka. Bomba langu lilikuwa limezibwa na chupa tatu za plastiki, kiatu kimoja cha mtoto, na majani ya mgomba. Maji yalipokosa njia yalipanda juu ya kivuko changu, yakakata kando, yakaingia mlangoni mwake. Godoro lilikuwa limelowa lote, unga umekuwa uji, na vitabu vya shule vya wale wajukuu vilikuwa vikielea chini ya meza. Nikasema, "Mama, nisamehe." Akanijibu, "Kwanza tuyatoe maji." Basi tukakumba maji kwa karai na sufuria, yeye, mimi na mke wangu, mpaka saa moja asubuhi.

Kazi ya serikali haingoji, hivyo nalioga, nikavaa, nikapanda barabarani. Matatu hazikuwapo, zile chache zilizokuja zilikuwa zimejaa hata mlangoni. Nikavua viatu, nikavifunga kwa kamba zake nikavitundika shingoni, nikashika njia kwa miguu. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nami asubuhi ile niliona mtaro katika kila jambo.

Kwanza nalitazama barabara yenyewe. Waiyaki Way ni barabara kuu, nayo imejengwa kwa akili: katikati imeinuka kidogo na kandokando imeinama, ili maji yasikae juu yake bali yaende mtaroni upesi. Watu hudhani kwamba magurudumu ya malori ndiyo yaharibuyo lami. Ni kweli kwa sehemu, lakini adui mkubwa ni maji. Mtaro ukiziba, maji husimama juu ya lami, yakaingia katika nyufa ndogo, yakalainisha udongo na kokoto zilizo chini. Gurudumu likipita hapo huikandamiza lami isiyo na mgongo, nayo hubonyea, hupasuka, hubomoka. Shimo la kiasi cha sahani, likiachwa msimu mmoja, huwa karai, kisha huwa bwawa. Kwa hiyo mtu azibaye shimo bila kuzibua mtaro anatia maji katika pakacha.

Nilipofika penye makutano ya James Gichuru Road nikaiona ile barabara ya juu ya kulipia inayoanzia hapo, iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye urefu wa kilomita 27 hadi Mlolongo. Wenye motokaa walikuwa wakipita juu pakavu, na sisi wa miguu tulikuwa chini tukivuka maji. Watu waliotoka mbele wakatuambia kwamba njia ya Westlands haipitiki vizuri, basi nikakata kulia nikashuka Lavington, nikakusudia kupitia Kileleshwa.

Wasomaji wasiofika mitaa hiyo huwaza kwamba matajiri hawapatwi na taabu ya maji. Nalikuwa nikiwaza hivyo mimi pia. Zamani nyumba za huko zilikuwa za chini, kila moja katikati ya bustani yenye nyasi na miti, na mvua iliponyesha ardhi nyekundu iliyanywa maji mengi kabla hayajatoka nje ya ua. Katika miaka ya karibuni nyumba nyingi za namna hiyo zimevunjwa, na mahali pake yamesimama majumba ya ghorofa nyingi, na ua umefunikwa kwa saruji hata ukutani ili motokaa zipate pa kusimama. Saruji hainywi maji. Mvua ileile iliyokuwa ikilowesha bustani sasa hutoka langoni kwa haraka kama mto.

Na kila lango lina kivuko chake juu ya mtaro! Nalisimama mbele ya moja nikacheka peke yangu, ingawa moyo ulikuwa mzito. Kilikuwa ni kivuko changu cha Kangemi, isipokuwa hiki kilijengwa kwa saruji na kupakwa rangi nyeupe na nyeusi. Chini yake palikuwa na bomba jembamba, na mdomoni mwa bomba palikuwa na takataka, na maji yalikuwa yamepanda juu yakitiririka katikati ya barabara. Askari wa langoni alikuwa ameshika ufagio. Akazoa majani na vikombe vya plastiki mlangoni kwa bwana wake, akavisukuma vyote mtaroni, akarudi kibandani mwake akiwa ameridhika. Sikumlaumu. Ningemlaumuje?

Toka Kileleshwa nikateremka hadi bustani ya miti iitwayo Arboretum. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni, hasa kwa sababu reli ilihitaji kuni za kuendeshea magari yake. Chini yake hupita kijito cha Kirichwa Kubwa, ambacho huungana na Mto Nairobi. Hapo nikaona tofauti kubwa. Nje ya ukuta maji yalikimbia mekundu yenye povu. Ndani, chini ya miti, ardhi ilikuwa imelowa kama kitambaa, na maji yaliyotoka yalitoka polepole. Mvua ni ileile, na kilima ni kilekile, lakini pale ardhi ilikuwa imeachiwa kazi yake.

Yafaa msomaji ajue kwamba maji ya Nairobi yana mwendo wao. Upande wa magharibi uko juu. Kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti kiko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, upande wa mashariki, uko mita 1,624. Mji wote basi ni kama bati la paa lililoinama kuelekea mashariki. Mvua za masika hunyesha toka Machi hata Mei, na za vuli toka Oktoba hata Desemba, na Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kupita yote. Atupaye kitu mtaroni huko magharibi mwezi wa Aprili ni sawa na aliyekiweka garini akakipeleka mashariki.

Nikapita State House Road, nikaingia katikati ya mji. Reli ilipofika hapa mwezi wa Mei 1899, palikuwa na bwawa na maji baridi ambayo Wamasai waliyapa mahali hapa jina lake. Mahali palichaguliwa kwa ajili ya reli, kwa kuwa palikuwa tambarare kabla ya kupanda milima, wala hapakuchaguliwa kwa ajili ya mji. Tauni ilizuka mwaka 1902, madukani pakachomwa moto, na katika miaka ile waganga walilalamika kwamba maji hayapati pa kutokea. Kenyatta Avenue, ambayo zamani iliitwa Delamere Avenue, ni pana ajabu. Husemwa kwamba ilifanywa hivyo ili gari la kukokotwa na ng'ombe wengi lipate kugeuka. Upana ulifikiriwa mapema, lakini mitaro ilichimbwa kwa ajili ya mji mdogo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Nairobi ina watu 4,397,073.

Nalifika ofisini nimechelewa saa moja na nusu. Mkuu wangu alitazama suruali yangu iliyokuwa nyekundu hata magotini, akatazama saa, akasema, "Bwana, nenda ukanawe." Nilimshukuru moyoni.

Saa ya chakula sikula. Naliteremka mpaka Globe, chini ya mji, ambapo Mto Nairobi hupita kando ya bustani yenye jina la marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira na aliyejitahidi sana katika kazi ya kuusafisha mto ule. Mto ulikuwa umejaa, nao ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikasimama juu ya daraja nikitazama vitu vikipita: chupa, viatu, matawi, mpira wa mtoto, kipande cha godoro. Huu ndio mto uleule upitao chini ya Kangemi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na kweli nalitazama sana nikaona michache. Lakini chupa zilipita makundi kwa makundi, na kila moja ilikuwa na mtu aliyeitupa.

Kutoka hapo mto huingia Gikomba, ambapo wafanyabiashara huweka mali zao karibu na ukingo, kisha huenda mashariki hata kuingia Mto Athi, nao Athi huitwa Galana na mwisho Sabaki, ukaingia baharini kaskazini ya Malindi. Huko Mathare, penye mto mwingine ulio ndugu wa huu, nyumba nyingi zilichukuliwa na maji mwezi uleule. Mvua za mwaka 2024 ziliua watu zaidi ya 200 katika nchi nzima. Shule zilizokuwa zifunguliwe mwisho wa Aprili zilicheleweshwa hadi katikati ya Mei, na Serikali iliwaamuru watu waliojenga karibu na mito wahame. Sisemi kwamba kivuko changu kiliua mtu. Nasema kwamba maji yaliyomtoa jirani yangu kitandani yaliendelea na safari, na huko mbele yalikutana na maji ya vivuko vingine elfu.

Jioni ile nalimwandikia kwa simu binamu yangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Boston, Marekani. Nikamwuliza, kwenu theluji ikifunga njia ni kazi ya nani kuifungua? Majibu yake yalinifundisha. Alisema kazi imegawanywa, na kila mtu anajua fungu lake. Manispaa hutoa malori yenye ubao mkubwa wa chuma mbele, mfano wa plau, yakasukuma theluji kando, na mengine yakamwaga chumvi ili barafu iyeyuke. Njia kuu hutangulia, na orodha yake hutangazwa mapema. Hali ya hatari ikitangazwa, motokaa iliyosimama katika njia hizo huvutwa, na mwenyewe hutozwa faini.

Lakini njia ya waendao kwa miguu iliyo mbele ya nyumba ni juu ya mwenye nyumba. Theluji ikikoma amepewa saa tatu aiondoe, upana usiopungua inchi 42, ili hata mgonjwa wa kiti cha magurudumu apite. Ikikoma usiku, zile saa tatu huhesabiwa tangu jua kuchomoza. Tena ni marufuku kuisukuma theluji yako barabarani, maana huko utakuwa umemtwika mwingine mzigo wako. Binamu yangu aliongeza jambo la kuchekesha. Mtu akichimbua motokaa yake katika theluji, huweka kiti kikuukuu au pipa mahali pale ili nafasi isichukuliwe na mwingine, na manispaa huvumilia viti hivyo kwa saa 48 baada ya hatari kwisha. "Kugusa kiti cha mtu," aliandika, "ni ugomvi mkubwa kuliko ugomvi wa shamba kwetu."

Je, kwetu mafungu hayajagawanywa? Yamegawanywa. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya mifumo ya maji ya mvua katika mahali palipojengwa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka ya barabara kuu, ya barabara za mijini, na ya barabara za mashambani. Fedha nazo zipo, kwa kuwa kila lita ya petroli na dizeli hulipiwa ushuru wa kutunza barabara. Mwezi wa Julai 2024 ushuru huo ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25. Hata mimi mwenye pikipiki nalipa, na jirani yangu asiye na chombo hulipa katika nauli. Kwa hiyo mwananchi ana haki ya kuuliza, tena kwa sauti, mbona mitaro haikuzibuliwa mwezi wa Februari, kabla ya masika, badala ya kungoja mpaka watu wawe juu ya mapaa. Mtaro uzibuliwao wakati wa mvua ni kama mwavuli unaonunuliwa baada ya kulowa.

Lakini aulizaye hivyo yampasa awe ametazama mtaro wa mlangoni kwake kwanza. Mimi sikuweza kuuliza.

Jumamosi iliyofuata nalikodi vijana wawili, tukavunja kivuko changu. Tukatoa mawe, tukachimba mtaro mpaka kina chake cha zamani, tukalaza bomba la saruji lenye kipenyo cha sentimita 60, na mdomoni pake tukaweka chuma za wavu ambazo mtu aweza kuziinua na kutoa taka kwa mkono. Kazi ile ilikula karibu theluthi ya mshahara wangu wa mwezi, mbali na godoro, unga na vitabu nilivyomlipa yule mama. Alivipokea kwa adabu, akanikaribisha chai. Tulipokuwa tukinywa alisema, "Mwanangu, wewe ni msomi. Mbona hukuja kuniuliza? Mimi nimekaa hapa miaka thelathini, najua maji yapitapo." Sikuwa na jibu, wala sinalo mpaka leo.

Tangu siku ile sisi wa mstari wetu, nyumba kumi na moja, tumepatana jambo moja. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Machi, na ya kwanza ya Oktoba, kila nyumba hutoa mtu mmoja mwenye jembe au sepetu, tukaanza mtaro kutoka juu hata chini, na taka zote hutiwa magunia zikapelekwa mahali pa kuzolewa. Hazisukumwi kwa jirani. Mama yule ndiye msimamizi, naye ni mkali. Masika ya mwaka 2025 yalipokuja naliamka usiku mmoja kwa kishindo cha mvua, nikatoka na tochi nikatazame. Maji yalikuwa yakipita katika bomba kwa nguvu, mekundu, bila kusimama. Huko chini nikaona tochi nyingine ikimulika mlangoni mwa jirani. Naye alikuwa ametoka kutazama.